Taa ya Injini Kwenye Gari Ulilonunua Juzi: Pa Kuanzia Kabla ya Kununua Spea

Umelipa, jina limehamishwa kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gari limefika nyumbani Nakuru, na kabla wiki haijaisha ile taa ya manjano yenye umbo la injini imewaka kwenye dashibodi. Marafiki wataanza kukutajia spea. Mmoja atasema ni plagi, mwingine sensa ya oksijeni, na wa tatu atakutumia namba ya fundi wake ambaye "ataizima dakika mbili tu". Huyo wa tatu usimpigie kwanza.

Gari ulilolimiliki kwa miaka mingi unajua lilikofanyiwa sevisi, lilipoanza kutetema, na nani alifungua injini yake. Gari la mtumba la juzi hulijui hivyo. Harrier, Forester, X-Trail na CX-5 nyingi zinazouzwa hapa Nakuru, Kisumu na Eldoret zimeendeshwa Japani miaka kadhaa kabla ya kushuka Mombasa. Kiwango cha taifa cha KS 1515 kinakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na miaka minane ni mingi. Halafu kuna yadi, mwenye gari wa kwanza hapa Kenya, na madalali katikati. Kumbukumbu iliyo ndani ya kompyuta ya injini ndiyo sehemu ya historia hiyo ambayo hakuna aliyekusimulia kwa lengo la kukuuzia. Ikifutwa kabla haijasomwa, hairudi.

1. Tazama ni taa gani, na inawakaje

Taa nyekundu ya kopo la oili au ya joto la injini ni jambo jingine kabisa: simama mahali salama, zima injini, usiendeshe tena hadi chanzo kijulikane.

Ile ya manjano ikiwaka bila kupepesa, na gari linavuta kama kawaida, unaweza kuendesha taratibu hadi nyumbani. Ikipepesa, injini inamisi vibaya. Silinda moja au zaidi haichomi mafuta, na petroli hiyo mbichi inapita hadi kwenye katalitiki (kopo la ekzosi linalosafisha moshi), inawakia humo, na kuipasha moto hadi iharibike. Ondoa mguu kwenye mafuta na utoke barabarani. Ikikupata ukipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, usisimame ukingoni mwa lami ukifungua boneti. Washa hazadi, jikokote hadi penye nafasi ya kutoka kabisa, kwa sababu malori kwenye kipande kile yameua watu wengi.

Kama bado hujalipa na unasoma haya kwa kujiandaa, kuna kipimo kimoja cha bure. Washa suichi bila kupiga stata. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa kwenye suichi, uliza kwa nini. Wapo wanaong'oa balbu au kubandika utepe nyuma ya dashibodi ili wauze.

2. Fungua boneti kabla ya kuunganisha mashine yoyote

Hatua hii wengi huiruka, na hapa ndipo pesa nyingi huokolewa.

Anza na betri. Gari lililokaa melini na yadini kwa miezi mara nyingi lina betri iliyochoka, na volti zikiwa chini kompyuta hurekodi makosa ambayo kwa kweli hayapo. Kwa kipima-volti cha kawaida, betri iliyotulia inapaswa kuwa karibu volti 12.6. Injini ikiwa inaunguruma, tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Ukipata 11.9 asubuhi, shughulikia betri na vibano vyake kwanza, ila usiichomoe kabla hujamaliza hatua ya tatu, kwa maana kuichomoa kunaweza kufuta kumbukumbu tunayoitafuta.

Kisha tafuta dalili za injini iliyooshwa. Kabla ya kuuzwa, gari nyingi hupitishwa kwenye mashine ya maji yenye nguvu ili injini ing'ae. Maji huingia kwenye mashimo ya plagi na kwenye soketi za waya, na siku chache baadaye gari linaanza kumisi. Ng'oa koili moja (kifaa kinachoipa plagi umeme) na uchungulie shimo. Ukiona maji au kutu, huenda umepata chanzo bila kununua chochote: kausha na hewa ya kompresa, acha boneti wazi juani, kisha ujaribu tena. Ukiona oili humo badala ya maji, gasketi ya kifuniko cha juu cha injini inavuja. Hiyo ni kazi ya nafuu ikiwahiwa.

Gari lililotoka tambarare za Ahero na Nyando, ambako hufurika, likaguliwe zaidi. Inua kapeti za miguuni na utazame chuma cha chini na soketi zilizo chini ya viti. Matope makavu mahali ambapo mguu haufiki yanaonyesha kwamba gari limewahi kuzama, na gari lililozama huzua makosa ya sensa mwaka hadi mwaka.

Halafu fuata njia ya hewa kwa mkono, kutoka sanduku la filta hadi injini. Bonyeza kila paipu, zungusha kila kibano. Mara nyingi filta imebadilishwa kwa haraka na sanduku halikufungwa sawasawa, na vumbi la Nakuru likaingia moja kwa moja hadi kwenye sensa ya hewa.

Mwisho, oili na maji. Injini nyingi za siku hizi hutumia shinikizo la oili kurekebisha majira ya kemshafti (ufito unaofungua valvu), kwa hiyo oili nyeusi, iliyopungua au isiyofaa huwasha taa kama ilivyo kwa sensa mbovu. Tazama kifuniko cha oili: vingi vimeandikwa 0W-20, yaani oili nyepesi. Kama aliyekuuzia alijaza 20W-50 nzito, badilisha oili na filta yake kabla ya kuanza kushuku sensa. Kwenye radieta, angalia kama mna kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) au maji ya mfereji.

3. Soma misimbo ya makosa, usifute

Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi yenye umbo la trapeza na nafasi 16 za pini. Hapo ndipo misimbo, yaani namba za makosa yaliyorekodiwa na kompyuta, husomwa. Fundi ana skana yake, mashine ya kuisoma. Wewe pia unaweza kununua kifaa kidogo cha ELM327 na kukiunganisha na simu kwa programu kama Torque au Car Scanner. Ukiwa na iPhone, hakikisha umenunua cha Wi-Fi au cha Bluetooth kinachokubaliana nayo, kwa sababu vile vya bei ya chini kabisa vingi hufanya kazi na Android pekee. Gari la zamani kidogo lililotengenezewa soko la Japani linaweza kukataa kifaa hiki, na hapo huna budi kutafuta skana ya gereji.

Piga picha za skrini zote. Usiandike msimbo peke yake. Unahitaji:

- misimbo iliyothibitishwa, na ile inayosubiri kuthibitishwa;
- rekodi ya hali ya gari kosa lilipotokea: mwendo, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo;
- umbali uliosafiriwa tangu misimbo ifutwe mara ya mwisho;
- orodha ya vipimo ambavyo kompyuta imemaliza kujifanyia na ambavyo bado.

Rekodi ya hali ya gari hupuuzwa sana, nayo ndiyo humwelekeza fundi. Msimbo uleule wa kumisi una maana tofauti kama ulitokea maji yakiwa nyuzi 25 asubuhi, au nyuzi 90 gari likiwa linapanda mlima kwa mizunguko 3,500.

4. Kabla ya kutafuta spea, jua kama ulidanganywa

Misimbo inapofutwa, kompyuta huanza upya hesabu ya umbali, na pia huanza upya vipimo vyake vya ndani vya katalitiki, sensa za oksijeni na vinginevyo. Vipimo hivyo humalizika baada ya siku kadhaa za kuendesha kwa namna mbalimbali. Sasa fikiria umenunua gari Jumamosi, taa imewaka Jumatano, umeendesha kama kilomita 140, na skana inaonyesha misimbo ilifutwa kilomita 150 zilizopita. Aliyekuuzia aliifuta ukiwa njiani kwenda kuliona.

Kuna sababu moja halali ya kuona hivyo: betri ilibadilishwa au ilichomolewa. Muulize muuzaji kwanza, kwa heshima, na umwombe risiti ya betri. Akikosa jibu, picha zako za skrini zenye tarehe ndizo za kumrudia nazo, mapema, kabla hujabadilisha spea yoyote. Ukishamkabidhi fundi mwingine gari, muuzaji atasema fundi wako ndiye aliyeharibu. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 ipo, lakini watu wengi husaidiwa zaidi na mazungumzo ya wiki ya kwanza wakiwa na ushahidi mkononi. Kama kuna salio hujamlipa, lishikilie hadi muelewane kwa maandishi.

5. Msimbo hutaja mfumo, hautaji spea

P mwanzoni ni injini na giaboksi. Sifuri inayofuata ni msimbo wa magari yote, moja ni wa kampuni iliyotengeneza gari. Misimbo ya P03 ni ya moto wa plagi na kumisi, P01 ni ya hewa na mafuta, P04 ni ya moshi, P07 ni ya giaboksi. Hakuna msimbo unaosema "nunua hiki". P0135, kwa mfano, unasema saketi ya kupasha moto sensa ya oksijeni ina hitilafu. Inaweza kuwa sensa, fyuzi, au waya ulioliwa na panya gari lilipokuwa yadini.

*Kumisi: P0300 hadi P0304.* Namba ya mwisho ni silinda. P0300 ni silinda zaidi ya moja. Ukipata P0302, chukua koili ya silinda ya 2 uiweke ya 3, na ya 3 uiweke ya 2. Sasa ndiyo ruhusa ya kufuta, maana una picha. Endesha. Msimbo ukihama na kuwa P0303, koili ni mbovu, na umethibitisha bila kutumia shilingi. Ukibaki 0302, hamisha plagi vilevile. Ukibaki tena, ndipo injekta na kipimo cha kompresheni vifuate. Usikubali kuuziwa koili nne kwa sababu moja imekufa. Nunua plagi kwenye duka linalotoa risiti, kwa maana plagi feki zenye maandishi ya NGK na Denso zipo sokoni na hufa baada ya miezi michache. Forester ina injini ya kulala ambayo plagi zake ziko ubavuni, kwa hiyo fundi akidai ujira zaidi hapo hakuonei.

*Hewa nyingi, mafuta machache: P0171.* Fungua sehemu ya data hai na utazame marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yanayoandikwa LTFT. Kati ya −10 na +10 kwa mia ni kawaida. Kama ni +20 gari likiwa limesimama, kisha inashuka karibu na kawaida ukikanyaga hadi mizunguko 2,500, kuna hewa inayoingia kwa upenyo: paipu iliyopasuka au gasketi ya manifoldi. Kama inabaki juu, au inazidi ukiwa unapanda mlima, shuku sensa ya hewa iliyochafuka, filta ya petroli au pampu. Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Usiiguse waya wake kwa kitambaa wala kwa brashi, na usitumie dawa ya kabureta.

*Katalitiki: P0420.* Huu ndio msimbo unaowafanya watu watumie pesa nyingi bila sababu. Ndani ya katalitiki mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kwa sababu hiyo hukatwa na kuuzwa. Lala chini ya gari utazame: je, kuna alama mpya ya kuchomelea? Gonga kopo lake kwa mpini wa bisibisi. Likilia tupu, huenda limetolewa moyo na kurudishwa. Likiwa zima, tafuta mahali moshi unapovuja kwenye ekzosi, kisha uangalie sensa ya pili, ile ya nyuma ya katalitiki. Injini ikiwa imepata moto na mwendo umetulia, volti zake zinapaswa kutulia pia. Zikipanda na kushuka haraka haraka, katalitiki imechoka. Na kama gari lilikuwa linamisi, tengeneza kumisi kwanza, la sivyo katalitiki mpya itafuata ile ya zamani.

*Injini kutopata moto: P0128.* Hapa kosa mara nyingi ni letu wenyewe. Mafundi wengi huamini kwamba nchi ya joto haihitaji thamostati (valvu inayozuia maji yasipite kwenye radieta hadi injini ipate moto), wakaing'oa. Injini sasa inafanya kazi ikiwa baridi, inakunywa petroli kupita kiasi, na asubuhi ya Molo au Kericho haifiki nyuzi 80 hadi umalize safari. Rudisha thamostati ya joto lililokusudiwa na kulanti halisi.

*Kifuniko cha tangi.* Video nyingi za mtandaoni huanza nacho. Zinazungumzia magari ya Marekani, ambayo hupima kama mvuke wa petroli unavuja. Magari mengi ya soko la Japani hayana kipimo hicho. Kikaze kifuniko, kisha uendelee na mambo mengine.

*Dizeli.* CX-5 ya dizeli na Prado mpya zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Safari fupi za mjini, tuseme Milimani hadi Kondele kule Kisumu na kurudi, hazikipi joto la kujichoma masizi. P2463 maana yake kimejaa. Kabla hujamruhusu mtu kukikata, lipeleke gari safari ndefu ya barabara kuu kwa mwendo wa wastani usiokatizwa, na uangalie kiwango cha masizi kwenye skana kabla na baada. Kisiposhuka, kuna kitu kingine nyuma yake, mara nyingi injekta au mfumo wa kurudisha moshi injinini.

*Giaboksi.* Ukiona msimbo wa P07 kwenye X-Trail au Outlander yenye CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua), usiruhusu mtu aongeze oili ya giaboksi yoyote aliyo nayo kwenye rafu. CVT ina oili yake, na oili isiyo yake huiua.

6. Gereji: sema hivi

Iwe ni Industrial Area ya Nakuru au jua kali ya Kibuye Kisumu, mwenye gari akinyamaza, skana huunganishwa, misimbo hufutwa, na bei hutajwa. Sema mapema, kwa adabu: "Fundi, naomba usifute. Nisomee, nipige picha, halafu tuzungumze." Fundi mzuri hatachukia. Akikutajia spea, muulize swali moja: "Umepimaje hadi ukajua ni hiyo?" Ukisikia "nimehamisha koili" au "nimepima volti kwenye waya", uko mahali pazuri. Ukisikia "hizi gari zote huwa ni hiyo", mlipe pesa ya kusoma, mshukuru, uondoke. Na spea iliyotolewa ni yako, hivyo omba uipeleke nyumbani.

7. Thibitisha mlimani

Baada ya kutengeneza na kufuta, mzunguko wa mtaani hautoshi. Kumisi kwingi hujitokeza injini ikibeba mzigo. Walio Kisumu wapande kutoka Mamboleo hadi Kiboswa. Walio Nakuru watoke Njoro kuelekea Mau Narok. Anza asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, panda bila kukimbia, teremka ukiwa umeondoa mguu kwenye mafuta, kisha acha gari liungurume dakika chache mahali pamoja. Rudia kwa siku kadhaa za kawaida zako.

Kisha unganisha simu tena. Vipimo vya ndani vikiwa vimekamilika na hakuna msimbo hata unaosubiri, kazi imefanyika. Vipimo vikiwa bado, endelea kuendesha na usitamke kwamba gari limepona, wala usimlipe fundi salio kama mlikubaliana alipwe kazi ikithibitika. Msimbo uleule ukirudi, linganisha rekodi yake ya hali ya gari na picha yako ya kwanza: joto lilelile, mzigo uleule, basi chanzo hakijaguswa. Vikiwa tofauti, unashughulika na hitilafu ya pili, na unarudi hatua ya pili ukiwa na boneti wazi.